Kubishana na Kusikia: Juu ya Tafsiri ya Kurani ya Godfrey Dale

Mukatekista mumoja wa upande wetu wa Kabongo alitufikia siku moja na furaha nyingi. Alikuwa ameazima kitabu cha zamani, Kurani iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na kwa aya moja tu alimunyamazisha Muislamu pale sokoni. Watu walicheka, naye alirudi nyumbani kama mushindi. Tulimuuliza: « Na yule mutu, mungali munasalimiana? » Akajibu kwamba tangu siku ile hapiti tena mbele ya nyumba yake. Ndiyo sababu tunapenda kukipima kitabu hiki mbele ya wasomaji wetu, maana wengine pia watakipata, na watakitumia vilevile.

Tafsiri hii ilitoka mwaka 1923. Mufasiri ni Godfrey Dale, padri wa Waanglikana, aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Zanzibar. Kabla yake hakuna aliyechapisha Kurani nzima kwa Kiswahili. Tumupe sifa inayomufaa: hakuridhika kusikia imani ya Waislamu kwa midomo ya wengine. Alijifunza Kiarabu, akaenda kusoma kitabu chenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaohubiri juu ya dini ya watu ambao kitabu chao hawajakifungua hata siku moja?

Lakini kazi ya namna hii ina babu yake. Mwaka 1142 Petro Muheshimiwa, abati wa Cluny katika Ufaransa, alifika Hispania, akawalipa wajuzi wa Kiarabu wamufasirie Kurani kwa Kilatini. Robert of Ketton aliimaliza mwaka 1143. Katika wakati ule wa vita vya musalaba, abati yule alisema anataka kuwaendea Waislamu kwa maneno, si kwa silaha, na kwa upendo, si kwa chuki. Neno hilo lilikuwa kubwa. Hata hivyo alifasirisha ili apate kukanusha, na Robert hakufuata maneno moja moja, bali alieleza maana kwa namna yake. Tena yote yaliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo Waislamu hawakuisoma. Basi wakristu walishinda mbele ya wakristu.

Dale amemupita babu yake kwa neno moja: aliandika kwa lugha ya Waislamu wenyewe, nao wakaweza kumujibu. Lakini amebaki na kosa la babu yake kwa mambo mawili. La kwanza, hakuweka Kiarabu kando ya Kiswahili. Kwa Muislamu, Kurani ni ile ya Kiarabu; asipoiona, atajuaje kama mufasiri amesema kweli? La pili ni maelezo yake. Mara nyingi hayaelezi tu, bali yanabishana, na siku zote mufasiri ndiye anayesema neno la mwisho.

Hapa tunakumbuka mubishano wa Barcelona wa mwaka 1263. Mbele ya mufalme Yakobo wa Aragon, frateri Mudominiko Pau Cristià, Muyuda aliyebatizwa, alibishana na rabi Moshe ben Nahman wa Girona. Rabi aliomba uhuru wa kusema, akaupewa. Lakini maswali yalichaguliwa na upande mumoja, naye kazi yake ilikuwa kujibu tu. Kila upande ulijihesabia ushindi. Baadaye, alipoandika habari ya mubishano ule, rabi alishitakiwa, akaishia kwenda Nchi Takatifu. Wazee wetu hawakati shauri kabla ya kusikia pande mbili. Mubishano ambao mumoja anauliza tu na mwingine anajibu tu, hauwezi kuitwa kusikia.

Tutoe mufano mumoja. Sura ya 112 ya Kurani inakana kwamba Mungu anazaa au kwamba alizaliwa. Mukatekista akisoma hapo anadhani amekuta adui wazi wa Utatu Mutakatifu, anakimbilia aya za kujibu. Polepole! Mutaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba umungu wenyewe hauzai wala hauzaliwi. Baba ndiye anayezaa, na Mwana ndiye anayezaliwa. Wala hakuna mukristu anayeamini kwamba Mungu ana muke. Mutakatifu Tomasi wa Akwino alijua kwamba Waislamu wanatuchekea juu ya neno hilo. Katika kijitabu *De rationibus fidei*, alichomuandikia kantori wa Antiokia mwaka 1264 hivi, anaeleza kwamba Mwana anatoka kwa Baba kama neno linavyotoka katika akili, si kwa mwili. Anamuonya pia asijaribu kuthibitisha imani kwa hoja za kumulazimisha mutu. Inatosha kuonyesha kwamba si uongo.

Ugomvi wa kweli upo, wala hatuufichi. Sura ya 4 inakana kwamba Yezu aliuawa musalabani, na sisi bila musalaba hatuna Habari Njema. Lakini mutu anayepiga kelele penye sura ya 112 bila kufahamu, atakosa nguvu penye jambo lenyewe.

Waislamu walijibu namna gani? Kwa kufasiri. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa tafsiri yao kule Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, muzaliwa wa Zanzibar, akatoa *Qurani Takatifu*, yenye Kiarabu na maelezo yake. Hakukubali tafsiri ya Dale, wala ile ya Waahmadiya. Hili ndilo tunda zuri la kitabu cha Dale, ingawa si lile alilolipanda: aliyefasiri ili abishane aliwaamusha wengine wafasiri ili wafundishe.

Basi hukumu yetu ni hii. Kitabu cha Dale kisitupwe, lakini kisisomwe peke yake. Biblioteke ya seminari iliyo nacho itafute pia kile cha Farsy, ikiweke kando yake. Na mufrateri asithubutu kujibu neno la Muislamu kabla hajaweza kulisema vizuri hata Muislamu mwenyewe aseme: « Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini. »

Wafransisko walioleta Injili katika dioseze ya Kamina ni wana wa mutu aliyevuka mustari wa vita kule Damieta, mwaka 1219, akamufikia sultani al-Malik al-Kamil bila silaha. Sultani hakubatizwa, lakini Fransisko alirudi salama. Kisha aliwaagiza ndugu zake waendao kwa Waislamu kwamba njia ya kwanza ni kukaa bila mabishano, na kukiri kwamba wao ni wakristu. Kuhubiri kutafuata, Mungu akipenda.

Mukatekista wetu tumemushauri aanze kwa salamu. Amekubali, ingawa anasema ni kazi nguvu kuliko kutafuta aya.