Je, Yafaa Mkristo Asome Vitabu vya Ajabu?



Dominika moja mwaka jana, baada ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alitushika mkono pembeni ya kanisa, akatuambia: «Mwalimu, nasikia unawasomea watoto vitabu vya watu wanaoruka angani na vya nchi zisizokuwapo. Hapa Lubumbashi habari za kuruka usiku tunazo za kutosha. Mbona watuongezea nyingine?»

Mama huyo hakuwa na mzaha, wala hatukumjibu kwa mzaha. Tulimwomba atungoje mpaka mwisho wa mwaka. Basi mwaka umekwisha, na jibu letu ni hili.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Siku hizi katika nchi nyingi kuna desturi ya kusoma kwa azimio la mwaka. Mwezi wa Januari mtu hutaja hesabu ya vitabu atakavyosoma, na pengine aina yake. Mwezi wa Desemba hujihesabia kama ametimiza. Wengi huchagua vitabu vya mambo ya ajabu, yaani hadithi za safari za nyotani, za vyombo visivyokwisha kuundwa, na za nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote. Nasi tuliazimia kusoma vitabu 12 vya namna hiyo, kimoja kila mwezi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Hatukuiita nadhiri, kwa kuwa nadhiri huahidiwa Mungu, wala haifai kuchezewa. Tulimaliza vitabu 9. Vitatu vilitushinda, kwa sababu ya giza la jioni zisizo na umeme, na kwa sababu ya uvivu wetu pia. Hapa tutataja vichache tu, vile vinavyomjibu mama yetu.

Tulianza na Jules Verne, Mfaransa, na kitabu chake cha mwaka 1863 kiitwacho Cinq semaines en ballon, yaani Majuma Matano katika Puto. Tulikichagua kwa kuwa safari yake yaanzia Unguja. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy, na mtumishi wao Joe wapanda angani mwezi wa Aprili 1862 katika puto kubwa lililojazwa hewa nyepesi. Wapita juu ya bara zima, waiona asili ya mto Nili, na mwisho wafika Senegali. Mwandishi hatuambii tu kwamba puto liliruka. Atueleza hewa yake ni ya namna gani, yapashwaje moto ili puto lipande, yapozwaje ili lishuke, na uzito gani wachukuliwa. Jambo ni la kubuni, lakini lina hesabu yake.

Wafikapo Kazeh, penye Tabora ya leo, watu wadhani puto ni mwezi ulioshuka, na wasafiri ni wana wa mwezi. Daktari hawakanushi. Akubali kuheshimiwa, aenda hata kumtazama mfalme aliye mgonjwa. Kumbe jioni mwezi wa kweli wachomoza, mkubwa na mwekundu! Watu waona miezi miwili, wafahamu wamedanganywa, na wageni wakimbilia puto lao kuokoa roho zao. Njia ya mwongo ni fupi.

Iko sehemu nyingine ambayo mtu wa Katanga aisome polepole. Wasafiri wamwokoa padre mmoja Mlazari aliyeteswa. Afa mikononi mwao, nao wamchimbia kaburi. Joe atazama mawe ya pale, aona ni mawe ya dhahabu. Aruhusiwa kuyapakia, maana puto lahitaji uzito. Lakini kila puto linapotaka kupanda, sharti Joe atupe chini jiwe moja, halafu jingine, huku akisikitika, mpaka utajiri wote umemwagika jangwani. Sisi tuliokua tukilitazama bomba la moshi la Gécamines, na mlima wa takataka za shaba kando yake, twajua jinsi mtu anavyokumbatia jiwe hata likamzamisha. Kuhani anayehubiri juu ya mali angeweza kuusimulia mfano huu mimbarini.

Lakini kitabu hiki kina doa, nasi hatulifichi. Waafrika wake ni makundi tu ya watu wa kupiga kelele, wa kudanganyika na wa kuua. Mahali pamoja wasafiri wadhani kundi la nyani ni watu weusi, kisha wafanya mzaha kwamba tofauti si kubwa. Hilo ni kosa la kalamu na kosa la moyo. Verne aliandika kwa kufuata habari za wapelelezi, bila kuziona nchi hizo. Aliweza kumfikiria mtu akiruka angani. Hakuweza kumfikiria Mnyamwezi akiwaza. Twasema kitabu kisomwe, lakini mtoto asiachwe nacho peke yake. Asome pamoja na mkubwa atakayemwambia: «Hapa mwandishi amekosa.»

Baadaye tulirudi kwa wenye lugha yetu. Mwaka 1951 Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Kusadikika. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Mtu mmoja, Karama, ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mambo mema ya kuifaa nchi, na kila mmoja alitiwa gerezani kwa shukrani. Mwisho mfalme atambua udhalimu uliotendeka.

Watu wa kitabu hiki si watu hasa. Ni majina ya fadhila na ya maovu yaliyovikwa nguo, na hotuba zao ni ndefu. Lakini tukumbuke kilitoka mwaka gani. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Mwandishi aliyetaka kusema kwamba mtu ana haki ya kujitetea mbele ya mwenye nguvu, alisema kwa kuipeleka nchi hewani. Mtakatifu Thomas More alifanya vivyo hivyo mwaka 1516 alipoandika Utopia, kisiwa kisichokuwapo, apate kuzitazama dhuluma za Uingereza yake. Naye alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kuishika imani. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935. Mama yetu na ajue basi kwamba katika jamaa ya waandishi wa nchi zisizokuwapo yumo shahidi mmoja.

Kitabu kilichotushika kuliko vyote ni Walenisi cha Katama Mkangi, Mkenya, kilichochapwa mwaka 1995. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini pasipo hukumu katika miaka ya 1980. Katika kitabu chake mtu aitwaye Dzombo ahukumiwa kufa, naye atupwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa afika katika nchi ya watu walio sawa, wasionyanyasana wala kuombana rushwa. Nchi hiyo yaitwa Walenisi. Msomaji alitazame jina hilo tena, alikate polepole: wale ni sisi. Kitabu nacho kina mahubiri mengi, na katekista aliyezoea kuhubiri alichoka mara mbili tatu! Lakini jina hilo moja lilitulipa taabu yote.

Maana tulipolielewa tulimkumbuka nabii Nathani. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Nathani hakuja na mashtaka. Alikuja na hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Mfalme akawaka hasira, akamhukumu tajiri yule kufa. Ndipo nabii akamwonyesha kuwa tajiri yule ni yeye mwenyewe. Tajiri huyo hakuwapo duniani. Kama Daudi angalikuwa mtu asiyesikiliza hadithi, angalitubu kwa njia gani? Hata katika kitabu cha Waamuzi Yothamu asimulia jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Wala hakuna Mkristo aliyedai kwamba sharti tuamini miti iliwahi kufanya mkutano.

Sasa twamjibu mama yetu wazi. Katika miji yetu ya Katanga hadithi za ajabu hazikuletwa na vitabu. Wazee walituambia habari za batumbula, ati watu waliokamata wenzao usiku katika kambi za migodi wakati wa ukoloni, wakawanenepesha kama nguruwe wapate kuliwa. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za Lubumbashi zilitundika ukutani picha ya Mamba-muntu, mwanamke nusu samaki, ambaye ati humpa mtu utajiri kwa masharti. Hadithi zipo, tena nyingi. Taabu yetu ni kwamba zasimuliwa kama habari, wala hakuna anayesema: «Hii ni hadithi.»

Na hadithi ikiuzwa kama habari, kuna mtu atakayelipa. Mwaka huohuo wa kusoma kwetu, mtoto mmoja wa darasa letu la katekisimu, mwenye miaka 11, alifiwa na mjomba wake. Mtu mmoja mwenye kujiita mtabiri akamnyoshea kidole. Ati mtoto huruka usiku ndani ya ganda la karanga, avuka mpaka mpaka Zambia, na huko ndiko alikouza roho ya mjomba. Watu wazima, waliosoma shule, wakasadiki. Mtoto akalala nje siku mbili.

Tulikwenda kwa baba yake pamoja na mzee mmoja wa parokia. Tulimkumbusha kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi. Baba akanyamaza. Ndipo mtoto mwenyewe, aliyekuwa amesikia habari za puto la Verne pamoja na wenzake, akauliza kwa sauti ndogo: «Baba, katika ganda la karanga ningekaa wapi?» Baba akamtazama mtoto wake, na baada ya kitambo akafuta uso kwa kiganja. Hatusemi mambo yote yalikwisha siku ile. Mpaka leo mtoto alala kwa nyanya yake, na baadhi ya majirani hawamsalimu. Lakini baba humpeleka mwenyewe katekisimu kila Jumamosi.

Mtoto yule alijua puto lina uzito na hesabu yake. Kwa hiyo aliweza kuuliza hesabu ya ganda la karanga. Aliyezoezwa kusoma hadithi akijua ni hadithi, hatekwi upesi na mwenye kumletea hadithi kwa jina la unabii. Anajua kungojea mwezi wa kweli uchomoze. Asiyesoma kabisa ndiye aliye katika hatari, naye ndiye mama aliyemwona yuko salama.

Hatusemi kila kitabu cha ajabu ni chema. Vipo vinavyosifu ukatili, na vipo vinavyomfundisha mtu kutafuta nguvu za giza, hivyo tuviache. Lakini marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye katika miaka ya 1964 na 1965 alifundisha fasihi shuleni kwao Argentina, aliandika barua tarehe 17 Julai 2024 juu ya faida ya kusoma riwaya na mashairi katika malezi. Alianza kwa kuwafikiria mapadre, kisha akawaandikia Wakristo wote. Basi tusiwe wakali kuliko Papa.

Kuhusu azimio la mwaka, shauri letu ni hili. Hesabu ya vitabu isiwe fahari. Tulipokimbilia kutimiza 12 tulisoma vibaya. Nagona cha Kezilahabi, kitabu chembamba lakini kigumu, tulikipitia mara ya kwanza kama mtu anayekimbia mvua, na ilitubidi tukirudie chote. Vitabu 4 kwa mwaka vyatosha, vikisomwa kwa sauti mbele ya jamaa, na baada ya kila sura pawe na maswali matatu: Jambo hili ni la kubuni au la kweli? Mwandishi amemkosea nani? Nasi tumo wapi humu?

Mama yetu tulimpelekea jibu hili kabla ya kulipeleka kwa mchapaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema bado ana mashaka. Kisha akauliza kama tunacho kile kitabu cha nchi inayoelea angani, kwa kuwa mjukuu wake anajua kusoma, na jioni ni ndefu. Tumemwazima.