Mwenye Kuona na Mwenye Kuonwa: Juu ya Kitabu cha Padri Tempels

Viko vitabu vidogo vyenye kuzaa maneno makubwa. Kimoja ni kile cha Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, kiitwacho La philosophie bantoue, maana yake falsafa ya Wabantu. Kilitolewa kwa Kifaransa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, tena Paris mwaka 1949. Twakipima leo kwa sababu maulizo yake yangali milangoni petu hapa Bulengera: mtu ni nani? Anaonaje mambo? Aishije akiwa macho, asilale usingizi wa roho? Tena wako wasemao kwamba padri huyu aliwahesabia haki waganga wapiga ramli. Basi, na tuone kama ndivyo.

Padri Tempels alifika Kongo mwaka 1933, akakaa miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Aliona kwamba mahubiri yanapita juu ya vichwa vya watu kama mvua juu ya mwamba, akatafuta sababu. Jibu lake ni hili: kwa Mbantu, kuwako ni kuwa na nguvu ya uzima. Mungu ndiye chemchemi ya nguvu hiyo. Wazee waliotangulia wameipokea, nao waipitisha kwa walio hai. Mtu hutiwa nguvu na mwenzake, au hupunguzwa naye. Ugonjwa, uchovu, tusi, dhuluma, yote ni kupunguzwa uzima. Na hekima ni nini? Ni kuzitambua nguvu hizo. Mwenye hekima si mwenye kujua mengi, bali mwenye kuona kilichomo ndani ya mambo. Ndiyo maana watu humwendea mganga: wanamsadiki kuwa aona wasiyoyaona wao.

Yatupasa kusifu panapostahili sifa. Siku zile Wazungu wengi waliandika kwamba Mwafrika hana mawazo yenye mpango, ila woga na hadithi. Padri huyu alisema wazi kwamba anayo. Tena alishika neno moja kubwa: mtu hawi mtu peke yake. Mnande akisema omundu, hataji kisiwa katikati ya ziwa. Amtaja mwenye baba na mama, ukoo na jirani, na Nyamuhanga aliyemwumba. Tulinganishe na vitabu vya Carlos Castaneda wa Marekani, aliyetoa cha kwanza mwaka 1968, juu ya mganga wa Kihindi Mwekundu aliyemfundisha kuona. Wataalamu wengi wanashuku kwamba mganga huyo hakuwako kamwe. Katika kile cha mwaka 1972 mwanafunzi anafundishwa kufuta habari zake zote za zamani, hata watu wa kwao wasimfunge. Wazee wetu wangemwuliza: ukiisha kuzifuta, nani atakuita kwa jina lako?

Lakini kitabu cha Tempels kina makosa mawili. La kwanza ni la sauti. Asema Wabantu wanayo falsafa, ila hawawezi kuieleza wenyewe. Sharti Mzungu awaelezee. Tena awaweka Wazungu mahali pa juu katika safu ya nguvu, kana kwamba ni kaka wakubwa. Aimé Césaire alimpinga kwa ukali mwaka 1950: Mwafrika apewa heshima ya falsafa, na mshahara wake je? Padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu kwa njia nyingine. Mwaka 1956 alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kinyarwanda, akianza na maneno ya lugha yenyewe. Huyo alionyesha kwamba mwenye nyumba aweza kuonyesha vyumba vyake mwenyewe.

Kosa la pili latugusa zaidi. Ikiwa kila ugonjwa ni nguvu iliyopunguzwa, na mtu aweza kumpunguza mwenzake, basi kila mgonjwa ana mtu aliyemwuguza. Naye mpiga ramli, mwenye kuona, amekuwa hakimu asiye na ushahidi. Tempels aliieleza imani hiyo vizuri, lakini hakuwatazama vya kutosha walioumizwa nayo: mjane mzee, mke wa pili, mtoto yatima. Kitabu kizima chasema juu ya mwenye kuona. Cha mwenye kuonwa, aliyenyoshewa kidole, chasema kidogo mno.

Sisi wa Butembo na Beni twajua bei yake. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hata 25 Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini. Wengine walisema ni uchawi, wengine siasa, wengine biashara. Waliotafuta adui walimpata upesi. Virusi vyenyewe havikungoja. Kuishi macho wakati ule kulikuwa kunawa mikono, kupeleka mgonjwa mapema, na kuzika kwa uangalifu.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa ulizo lenyewe, akamponya mtu. Hapo tunajifunza kuona namna nyingine: kumtazama mgonjwa kwanza, si kumwinda mwenye hatia. Mganga wa miti shamba ajuaye dawa yake na mpaka wake hatumhesabu pamoja na mwenye kutaja wachawi. Kazi zao ni mbili.

Padri Tempels mwenyewe hakubaki pale alipoandika. Tangu mwaka 1953, huko Kolwezi, alikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, na hapo ilizaliwa Jamaa. Maneno yao makubwa yalikuwa matatu, tena ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa huko mwaka 1977. Katika kitabu nguvu ilipimwa. Katika Jamaa watu walikutana, mume na mke wakafunuliana mioyo. Twaona hatua hiyo ni kubwa kuliko kitabu, kwani mtu akifunuliwa na apendaye hahitaji kufunuliwa na ramli.

Basi, mwenye kukipata na akisome, lakini asikifanye ngao ya mpiga ramli. Achukue neno lake jema, kwamba uzima wangu na wako vimefungamana. Na siku msiba utakapoingia mtaani, kabla ya kuuliza nani amefanya, aulize nani yuko peke yake, aende kwake.