Nyasi za mafuta: tani siyo hoja



Naomba nichangie kidogo, maana kila zikitajwa nyasi za mafuta hadithi ni ile ile: tani ngapi kwa ekari. Mimi naona hapo ndipo Wamarekani walipopotea njia.

Bush alipoitaja swichigrasi mbele ya Bunge lao Januari 2006, watu walishangilia. Mwaka 2007 ikapita sheria: ifikapo 2022 zipatikane galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi. Wapi! Hata bilioni moja haikufika, na sehemu kubwa ya hicho kidogo kilichohesabiwa ni gesi ya majalalani, si nyasi.

Watafiti wa mbegu hawakulala, tuwe wakweli. Kule Nebraska walichanganya Kanlow, ya kusini yenye mavuno mengi, na Summer inayohimili baridi, wakapata Liberty. Kazi safi. Miskantusi kubwa ndiyo yenye mavuno zaidi, ila ni tasa: mzazi mmoja ana kromosomu 38, mwingine 76, mtoto 57, mbegu hana. Unapanda vipande vya mashina ya chini kama tangawizi, na ukitaka kuiboresha inabidi urudi kwa wazazi.

Sasa kasoro iko wapi? Iko kwenye lignini, ile gundi inayoufanya ubua kuwa mgumu. Tani kumi za ubua usiotoa sukari ni kuni tu. Na hili halikuwa geni! Nebraska hiyo hiyo, mwaka 1984, ilitoa Trailblazer, swichigrasi iliyochaguliwa kwa sababu tumbo la ng'ombe linaisaga vizuri. Tumbo la ng'ombe na pipa la ethanoli yanataka kitu kimoja. Baadaye ikaonekana kuwa ukikazania sana upande huo, mimea mingi haivuki majira ya baridi. Hapo ndipo palipohitaji fedha na subira, kwani nyasi hizi huchukua misimu miwili mitatu kabla hujajua umepata nini. Wanasiasa wao walitaka tarakimu.

Haya yanatuhusu. Matete, yale wengine wanayaita nepia, asili yake ni Afrika, na yameshajaribiwa kwa mafuta huko Florida. Kesho atakuja mtu Kiambu au Moshi na hesabu ya tani. Mama mwenye ng'ombe wawili wa ndani atamuuliza ubua wake unatafunika au hautafuniki, na sidhani kama atakuwa na jibu.

Nawasilisha.