Kwani Betri ni ya Nani?

Nimesoma sifa nyingi za laptopi ya Framework na karibu zote ni hadithi moja. Mwandishi anafungua skrubu, anachomoa kibodi, anabadilisha tundu la USB kwa sekunde chache, anapiga picha, halafu anatangaza kwamba kesho imefika. Sibishi. Kampuni hiyo ya San Francisco, iliyoanzishwa na Nirav Patel, ilitoa laptopi yake ya kwanza mwaka 2021, na ahadi yake kubwa imeitimiza: ukitaka prosesa mpya unanunua bodi mpya, na skrini, kibodi na fremu vinabaki vilevile. Kazi safi. Mimi nagombana na wahakiki. Wanasifu skrubu, na hapa Kitengela skrubu hazijawahi kumshinda mtu.

Tembea kando ya barabara ya Namanga ujionee. Kwenye kibanda kisichozidi upana wa meza, fundi anafungua mashine ambayo mwenye kuiunda hakutaka ifunguliwe, anatoa skrini ya marehemu na kumvisha mgonjwa. Hakuna aliyemwandikia mwongozo. Ukishuka hadi Kajiado utakuta watu wamevaa akala za tairi la gari, na hakuna aliyewahi kuitisha mkutano wa wanahabari kuzizindua.

Fundi anakwama kwingine. Chukua ThinkPad X230, ya mwaka 2012, aina ya mashine za ex-UK tunazonunua wengi wetu. Ni ngumu, inafunguka bila vita. Lakini ndani yake kuna programu mbili zinazoamka kabla ya Windows ama Linux. Ya kwanza ni BIOS. Ina orodha ya kadi za waifai inazozitambua. Ukipachika kadi nyingine, hata kama ni nzima, mashine inagoma kuendelea kuwaka na kukuarifu kwamba kadi hiyo haijaidhinishwa. Ya pili inasimamia kibodi, feni na betri. Hii huidai betri kitambulisho, na ikiona si ya kampuni, haiichaji. Betri umeilipia, mashine umeilipia, lakini hao wawili hawasalimiani. Fundi ana bisibisi na ana mikono, ila programu yenyewe hawezi kuisoma, maana msimbo wake haukuchapishwa.

Waliotufaa hapa ni watu wa programu huria. Coreboot na Libreboot hukaa mahali pa BIOS ya X230, na ile orodha ya waifai inakufa nayo. Wengine waliipekua programu ya betri na kuitilia kiraka, ikaacha kuuliza vitambulisho. Kazi yenyewe inataka klipu ya kubana chipu, kifaa kidogo cha bei ya chini kinachoitwa CH341A, na subira: chipu ni mbili, moja ya MB 8 na nyingine ya MB 4, na usipohifadhi nakala ya zamani kwanza unaweza kubaki na tofali. Draiva nazo ziko ndani ya Linux yenyewe. Unachomeka flashi, unawasha, waifai ya Intel inashika. (Aliyewahi kuweka Linux kwenye mashine yenye kadi ya Broadcom anajua kichekesho kile: draiva ya kukupa intaneti iko kwenye intaneti.)

Hili si jambo la wapenda vyuma pekee. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 rasmi haizitaki prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Mashine nyingi za cyber na za wanafunzi zimewekwa kwenye foleni ya kutupwa zikiwa hai. Mimi mwenyewe, mtu wa kulipwa kwa makala, siwezi kuitupa yangu kwa sababu ya kalenda ya mtu mwingine.

Sasa turudi kwa Framework tukiwa na kipimo hicho. Januari 2022 walichapisha msimbo wa ile programu ya pili, ya kibodi na betri, uliojengwa juu ya kazi ya Google ya Chromebook. Kwangu mimi hilo ndilo bora zaidi walilofanya, na wahakiki wengi hulipa sentensi moja, kama lipo. Siku mashine ikikataa betri, mtu anaweza kuusoma mstari uliokataa. Wamechapisha pia michoro ya bodi na ya vipachiko vyao. Lakini BIOS ni ya kampuni ya Insyde, imefungwa, na wenye matoleo ya Intel ya kizazi cha 12 walikaa muda mrefu sana na sasisho la majaribio wakisubiri lililokamilika. Na Kenya haimo kwenye orodha ya nchi wanazouzia. Spea za fundi wetu hutoka kwa mashine yoyote iliyokufa. Za Framework hutoka dukani kwa Framework, duka ambalo halitufikii. Msimbo lakini unafika. Haupiti forodha.

Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. BIOS ya X230, hata inapokukatalia kadi yako, inakukatalia kwa Kiingereza, na huna pa kurekebisha.

Kwa hivyo mhakiki atakayepata Framework mpya aziache skrubu. Achukue kadi ya waifai ya kuokota Luthuli Avenue, aipachike, awashe Linux, halafu atuandikie mashine imesema nini.