Kutenga, Kutumia na Kushika: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Kumbukumbu katika Programu za Lisp

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache zinazohusu upimaji wa kumbukumbu ya kompyuta katika programu zilizoandikwa kwa lugha za jamii ya Lisp na kutafsiriwa na kompaila katika lugha ya mashine. Tutashughulika hasa na msemo mmoja, "matumizi ya kumbukumbu". Rai yetu ni kwamba msemo huo unafumbata mambo mawili yaliyo mbalimbali, na kwamba mwandishi wa programu anayeutegemea huenda akatengeneza pasipoharibika na kupaacha palipoharibika.

Lugha ya Lisp ilibuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT huko Marekani kuanzia mwaka 1958, na makala yake mashuhuri juu ya lugha hiyo yakachapishwa mwaka 1960. Kiini cha lugha hii ni jozi, yaani chembe yenye nafasi mbili, ambayo huundwa kwa funksheni iitwayo CONS. Orodha ni mfululizo wa jozi hizo. Kwa kawaida mwandishi wa programu haombi kumbukumbu wala hairudishi: jozi inapoundwa, kumbukumbu hutengwa, na jozi isiyoweza kufikiwa tena na programu huzolewa na mfumo wenyewe. Kazi hiyo ya kuzoa sasa hujulikana kwa jina la ukusanyaji wa taka. Yafaa kukumbuka kwamba jina hilo halimo katika makala ya 1960, ijapokuwa McCarthy na wenzake walikwisha kulitumia baina yao. Hata wabunifu, basi, walisita mbele ya istilahi yao.

Sasa tuchukue mfano wa SBCL, kompaila ya Common Lisp iliyochipuka kutoka ile ya CMUCL mwaka 1999. Chombo chake kimoja cha upimaji hutoa jedwali lenye kuonyesha, kwa kila funksheni iliyochaguliwa, muda uliopita, idadi ya mara ilizoitwa, na baiti zilizoandikwa chini ya safu ya "consed". Neno hilo ni kitenzi kilichozaliwa na CONS, lakini maana yake imepanuka hata kujumuisha kumbukumbu ya matini, namba kubwa na vinginevyo. Mfasiri akiandika hapo "matumizi ya kumbukumbu", msomaji atadhani kwamba funksheni imekalia baiti zote hizo. Sivyo. Katika mashine ya biti 64, jozi moja huchukua baiti 16. Funksheni inayounda orodha ya jozi 1,000,000 hutenga baiti 16,000,000. Ikiitwa mara 100, na kila orodha ikatupwa kabla ya nyingine kuundwa, jedwali litaonyesha baiti 1,600,000,000, ilhali orodha inayohitajiwa kwa wakati wowote haizidi baiti 16,000,000. Hesabu ya kwanza inaeleza kazi aliyotwishwa mzoaji. Ya pili inaeleza nafasi inayoshikwa. Kinyume chake, funksheni iliyotenga kidogo tu yaweza kuwa ndiyo inayoshika kumbukumbu hiyo hadi programu imalizike. Neno moja haliwezi kubeba mambo yote mawili.

Wapo watakaopendekeza "mgao". Neno hili lina kasoro nyingine. Katika matumizi ya kila siku, mgao wa chakula au wa umeme humaanisha kwamba kuna mwenye kugawa, kuna wenye kupokea, na kila mmoja ana fungu lake lililokadiriwa. Funksheni haikupangiwa fungu lolote; huchukua kadiri inavyohitaji. "Kutenga" ni bora zaidi, kwani hutaja kitendo cha kuweka kando, wala hakisemi kama kilichotengwa bado kinashikwa.

Aidha, kamusi za kawaida zaweza kumshawishi mfasiri aite kompaila "kikusanyi". Akifanya hivyo, sentensi moja itakuwa na kikusanyi kinachotafsiri programu na mkusanyaji anayezoa taka. Ni afadhali neno la mkopo kuliko mkanganyo huo.

Hali kadhalika, maneno "kwa kila funksheni" yanahitaji tahadhari. Kompaila yaweza kuumeza mwili wa funksheni ndogo ndani ya kubwa, na baiti za ile ndogo zikahesabiwa kwa jina la iliyoimeza. Tena, funksheni ikiita nyingine kama tendo lake la mwisho, kompaila yaweza kuiachia hiyo nafasi yake, na jina la aliyeita lisionekane katika mfuatano wa miito. Zaidi ya hayo, chombo cha pili cha SBCL hakihesabu kila kinachotengwa: huchukua sampuli pale eneo dogo la kutengea linapojaa na jingine likafunguliwa. Kuviita vyombo hivyo viwili kwa jina moja la "upimaji", bila ya kivumishi, ni kumficha msomaji tofauti iliyopo baina ya hesabu na makadirio.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) kumbukumbu iliyotengwa: jumla ya baiti zote zilizochukuliwa katika muda wa kipimo, ziwe zimezolewa au la;

(b) kumbukumbu inayoshikwa: ile ambayo programu bado yaweza kuifikia;

(c) upimaji kwa hesabu, na upimaji kwa sampuli;

(d) utengaji wa ndani: uliofanywa na funksheni yenyewe; na utengaji wa jumla: pamoja na ule wa funksheni ilizoziita;

(e) funksheni iliyomezwa: ile ambayo mwili wake umeingizwa ndani ya nyingine.

"Matumizi ya kumbukumbu" yabaki katika mazungumzo ya jumla, lakini yasiandikwe juu ya safu ya namba. Anayesoma safu hiyo yuko karibu kuamua ni funksheni ipi aiandike upya, na uamuzi wake utafuata neno alilopewa.