Wimbo wa Kwaya Katika Fasihi Simulizi: Je, Tumeutendea Haki?

Kila mwaka wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hujifunza aina za nyimbo na kuzitaja bila shida: wawe za wakulima, kimai za mabaharia, nyiso za jandoni, mbolezi za msibani, bembelezi za watoto. Wimbo wa kwaya hauonekani katika orodha hiyo, au huwekwa mwishoni kwa maneno mawili tu, "nyimbo za dini". Hali hii inashangaza, kwa kuwa hapa Uganda wako watu wengi ambao Kiswahili chao cha kwanza walikisikia katika kaseti ya kwaya kutoka Tanzania, Kenya au Rwanda. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wimbo huu unastahili uhakiki kamili, na kwamba hauwezi kuhakikiwa vyema bila kuangalia kazi unayoifanya katika jamii.

Wanaoudharau wimbo wa kwaya aghalabu hutoa hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba kwaya ni kitu cha kigeni kilicholetwa na wamisionari. Ni kweli kwamba uimbaji wa sauti nne ulitoka Ulaya. Lakini kwaya si sauti tu. Gregory Barz, mtafiti Mmarekani wa muziki, katika kitabu chake Performing Religion kilichochapishwa mwaka 2003, anazichunguza kwaya za Tanzania, miongoni mwao Kwaya ya Upendo ya kanisa la Kilutheri la Azania Front, Dar es Salaam. Kwaya anazozieleza ni jamii ndogo zilizojipanga: zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya anajua yanayofuata. Mwanakwaya akilazwa, wenzake humtembelea. Akifiwa, mchango hupitishwa na sare huvaliwa mazishini. Kwa mtu aliyehamia mjini na kuacha ukoo wake mbali, kwaya huwa ndugu.

Mpango huu haukutoka Ulaya. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, anaonyesha jinsi vyama vya ngoma vilivyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea hadi bara. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo, lakini pia walisaidiana na kuzikana. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivieleza mwaka 1979. Kwa hiyo kwaya inayochangia yatima leo inafuata njia iliyokwisha kufyekwa na wacheza ngoma. Sauti ni za ugenini, lakini chama ni cha kwetu.

Hoja ya pili ni kwamba maneno ya kwaya ni mepesi na hurudiwarudiwa. Sisi tunauliza: mepesi kwa nani? Kibwagizo kinachorudiwa ndicho kinachomruhusu mgeni asiyejua wimbo aingie ubeti wa pili na kuimba pamoja na wenyeji. Huwezi kuliona hilo ukiwa na karatasi yenye maneno peke yake. Tusingemlaumu mkulima kwamba wawe yake inarudia maneno, kwa sababu tunajua inakwenda na jembe. Wimbo wa kwaya nao unakwenda na kikapu cha mchango.

Hata hivyo, kutetea si kusifu kila kitu. Kasoro kubwa ya wimbo wa kwaya wa hisani ni namna unavyomchora anayesaidiwa. Yatima katika nyimbo hizi hana jina, hana utani, hana hata neno moja la kusema. Yupo ili alie na sisi tutoe. Katika hafla za uzinduzi hali huwa mbaya zaidi: mgeni rasmi hutajwa mara kumi, bahasha yake hupigiwa vigelegele, na mtoto mwenyewe husimamishwa jukwaani kama ushahidi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wimbo unaomtukuza mtoaji kwa ukubwa wa bahasha umekwenda kinyume cha methali hiyo, hata kama fedha zimefika.

Hapa Uganda tunao mfano wa kujifunzia. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987, limekuwa na vikundi vya waimbaji wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Katika kitabu chake kingine, Singing for Life cha mwaka 2006, Barz anaeleza vikundi vya namna hiyo, vingi vya wanawake, vikiwemo vya vijiji vya Busoga. Katika nyimbo hizo mgonjwa ndiye anayeimba. Hasimuliwi na mwingine. Anaonya, anacheka, anafundisha, na wenzake wanamuuguza. Hilo ndilo tunalolikosa katika nyimbo nyingi za uzinduzi.

Lakini mfano huohuo unatugusa sisi walimu wa Kiswahili mahali panapouma. Wanawake wale walipotaka kuigusa mioyo ya majirani waliimba Kisoga na Kiganda. Hilo halishangazi, kwani ndizo lugha za nyumbani. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Amin, na kwa Waganda wengi kikabaki kuwa lugha ya kambi ya jeshi na ya kizuizi barabarani. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri hizo zote hazikuweza kukifanya kipendwe. Kwaya, bila amri ya mtu, ilikiingiza Kiswahili sebuleni kikiwa lugha ya faraja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi anayehakiki wimbo wa kwaya ajibu maswali matatu: nani anaimba na kwa ajili ya nani? Wimbo unafanya nini baada ya kuimbwa? Anayesaidiwa amepewa sauti au picha tu? Ili kujibu, itambidi ahudhurie mazoezi, aombe ruhusa ya kurekodi, na azungumze na mweka hazina kama anavyozungumza na mtunzi. Pili, sisi walimu tupunguze wekundu wa kalamu. Kwaya ya Kampala ikiimba "watoto yetu" badala ya "watoto wetu", tulisahihishe kosa, lakini tusiishie hapo, maana watoto hao wenyewe ndio swali kubwa zaidi.

Tunawakaribisha wasomaji, hasa walio wanakwaya, kutupinga au kutuongezea katika toleo lijalo.