Darubini na Mnunuzi Wake

Mtu apendaye kuzitazama nyota, akiwa hajapata kumiliki darubini, huingia dukani na suali moja ulimini: inakuza mara ngapi? Na muuzaji, ambaye aghalabu hajapata kuielekeza bidhaa yake hata kwenye mwezi, humwonyesha tarakimu iliyopigwa chapa ubavuni mwa kasha, mara 525 au zaidi, na biashara ikaishia hapo. Mimi nami nilinunua hivyo darubini yangu ya kwanza, ya lenzi ya milimita 60 iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu myembamba mithili ya miguu ya korongo, na kwa muda wa miezi miwili nikasadiki kuwa macho yangu ndiyo mabovu, kwa kuwa Mushtari, katika ukuzaji ule uliosifiwa, ilikuwa ukungu wa manjano uliotetemeka kila nilipovuta pumzi.

Kazi ya kwanza ya darubini ya nyota si kukuza. Ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la kijana, ikipanuka gizani, hufikia kiasi cha milimita 7, na kwa kuwa nuru hufuata eneo la mdomo unaoipokea, lenzi ya milimita 60 hukusanya nuru zaidi ya mara 70 ya ile ya jicho tupu, na kioo cha milimita 200 zaidi ya mara 800. Ama ukuzaji, kanuni ya wenye fani hii ni kwamba wenye manufaa hauzidi mara mbili ya upana wa mdomo uliopimwa kwa milimita. Basi ile yangu haikuwa na haki ya kudai zaidi ya mara 120, tena katika usiku wa hewa iliyotulia. Zilizosalia zilikuwa ghururi ya mchapa kasha.

Jinsi za darubini ni tatu. Ya lenzi ni ya ukoo wa ile ambayo Galileo aliielekeza kwa Mushtari mnamo Januari 1610 akaona miezi yake. Bomba lake limefungika, haihitaji kurekebishwa kila mara, na taswira yake, ikiwa lenzi ni njema, ni kali kama ncha ya sindano. Aibu yake ni kwamba lenzi huipasua nuru katika rangi zake. Mwenye kutaka ithibati na aielekeze kwa Zuhura au kwenye ukingo wa mwezi: akiona utando wa zambarau umeuzunguka wajihi wa nyota, ajue kuwa vioo viwili vya lenzi ile havikulinganishwa vema. Zisizo na utando huo zipo, nazo ni ghali, hata kwa bei ya moja yenye mdomo wa milimita 100 mtu hupata ya kioo yenye mdomo maradufu.

Ya kioo, aliyoiunda Isaac Newton mwaka 1668, haina taksiri hiyo, kwani kioo huzirudisha rangi zote sawasawa. Mimi ni mtu wa kioo, sikatai, lakini hapa ndipo penye hila nyingi za biashara. Kioo kikuu cha darubini fupi hakina budi kusuguliwa kwa umbo la parabola. Kikiachwa na mviringo wa tufe, nuru ya ukingoni haikutani na ya katikati, na nyota hutandaa kama tone la mafuta juu ya maji. Jihadhari hasa na bomba la nusu mita ambalo kibandiko chake chatangaza urefu wa fokasi wa milimita 1000: ndani ya shingo yake imefichwa lenzi ndogo ya kurefusha, na aghalabu lenzi hiyo ndiyo iharibuyo kila kitu.

Ya tatu huchanganya lenzi na kioo, kama alivyobuni Dmitri Maksutov mwaka 1941. Ni fupi kama buli, huchukulika kwapani, ni njema kwa mwezi na sayari, nayo huona sehemu nyembamba ya mbingu.

Kuujua ukweli wa kioo au lenzi, chagua nyota ya mng'ao wa wastani iliyo juu sana, kisha uiondoe kidogo katika fokasi, mbele halafu nyuma. Itafumka ikawa duara zilizopangana, na duara hizo ziwe za namna moja pande zote mbili. Kivuli cha katikati kikiegemea upande, hiyo si dhambi ya kioo, skrubu zitakirudisha. Duara zikiwa na pembe tatu, kioo kimebanwa mno kitini pake. Lakini zikiwa wazi upande mmoja na zimevurugika upande wa pili, rudisha chombo cha watu, maana umbo la kioo lina kosa na wewe huna dawa.

Miguu nayo ina hukumu yake. Gonga bomba kwa kidole huku ukitazama: mtetemo usiokwisha kwa nukta mbili au tatu utakuharibia kila usiku. Tena wauzaji husifu kitako kiitwacho cha ikweta, ambacho, ajabu ni hii, karibu na ikweta yenyewe ni udhia mtupu: mhimili wake hutakiwa ulale karibu na usawa wa ardhi, jambo ambalo vitako vingi havikuundwa kuliweza, na nyota ya Jaa, inayotumiwa kuuelekeza, Mombasa na Unguja iko chini ya upeo wa macho. Bora kisanduku cha mbao kinachozunguka, alichokieneza John Dobson katika njia za San Francisco, mtu aliyekuwa mtawa na aliyesugua kioo chake cha awali kutokana na kioo cha dirisha la meli. Seremala yeyote wa Lamu anaweza kukiunda kisanduku hicho, na pengine kwa unadhifu zaidi.

Pwani ina adui wawili wengine, chumvi na unyevu: chumvi hula utando wa alumini wa kioo, na unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi. Hifadhi chombo mahali pakavu, wala usikifute kwa upindo wa kikoi.

Ile darubini yangu ya milimita 60 sikuitupa. Niliikatia miguu ya mninga, minene na mifupi, nikaitia lenzi ya jicho inayokuza mara 35 tu, nikampa mpwa wangu. Juzi usiku aliniita uani; Zohali ilikuwa imetulia katikati ya kioo, na pete yake imejitenga nayo.